Mfumo wa umeme wa mipigo unaohamishika: maana yake na kazi yake

Mfumo wa umeme wa mipigo ni mtambo unaokusanya kawi polepole, kisha kuiachilia yote katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Mkazi wa Nairobi anayeishi na mgao wa maji ataelewa upesi: bomba linalochuruzika usiku kucha hujaza tangi, na tangi hilo, likifunguliwa, humwaga kwa mkupuo maji ambayo bomba lenyewe lisingeweza kuyatoa.

Watafiti wa mizinga ya umeme hawawezi kufyatua chochote bila mtambo wa namna hiyo. Katika aina iliyo maarufu zaidi, mkondo wa mamilioni ya ampea hupita kwenye reli moja, ukavuka kupitia kipande cha metali na kurudi kwa reli ya pili, na usumaku unaozalishwa hukisukuma kipande hicho mbele pamoja na kombora. Mnamo Desemba 2010, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilifyatua mzinga kama huo huko Dahlgren, Virginia, na kombora likatoka na kawi ya megajuli 33.

Kiasi hicho kinatisha kwa jina tu. Ni sawa na takriban yuniti 9 za tokeni za stima, na lita moja ya dizeli inakipita. Ugumu uko kwenye muda: ukizitoa megajuli hizo ndani ya milisekunde 10 hivi, unahitaji nguvu ya wastani wa megawati 3,300, ambayo inazidi matumizi ya Kenya nzima jioni yanapofika kileleni. Tena hiyo ni kawi iliyolifikia kombora. Iliyopotea kama joto haimo katika hesabu.

Maabara inaweza kujaza jumba zima kwa kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme na kuiachilia kwa mkupuo. Lori au meli haina nafasi hiyo, na hapa ndipo neno “unaohamishika” linapobeba uzito wote. Injini huzungusha jenereta, jenereta huchaji betri, nazo betri hujaza kapasita kabla ya swichi kuunganishwa ili umeme upite. Kapasita hutoa umeme kwa kasi ya ajabu lakini huhifadhi kidogo kwa ukubwa wake; betri ni kinyume chake. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walijaribu mashine zinazohifadhi kawi katika rota inayozunguka kwa kasi. Hizo huokoa nafasi, ila rota nzito inayozunguka hupinga kugeuzwa, jambo gumu kwa gari linalokata kona kwenye barabara mbovu.