Swarna Kamal ni nini? Tuzo za Taifa za Filamu za India

Ukisikia filamu ya India imepata Swarna Kamal, ujue imefika kileleni katika Tuzo za Taifa za Filamu. Maana yake ni yungiyungi la dhahabu, na yungiyungi ndilo ua la taifa hilo. Lipo pia la fedha, Rajat Kamal. La dhahabu huenda kwa filamu bora ya mwaka, mwongozaji bora na vipengele vingine vichache. Waigizaji, waandishi na wapiga picha hupewa la fedha. Kwa hiyo mwigizaji aliyepata la fedha hajashika nafasi ya pili. Ameshinda.

Tuzo hizi ni za serikali, nazo zilianza 1954, mwaka uleule jarida la Filmfare lilipoanzisha zake. Watu huzichanganya. Zile za Filmfare ni za sinema za Kihindi, yaani lugha yenyewe. Hizi ni za India nzima. Hapa mazoea yetu hutupoteza, maana kila filamu ya huko tunaiita "ya Kihindi", wakati Kitamil, Kibengali, Kimalayalam na Kimarathi kila moja ina sinema zake, nyota wake na mashabiki wake. Filamu bora ya kwanza kabisa, Shyamchi Aai, ilikuwa ya Kimarathi, kisa cha mama maskini na mwanawe. Tena kila mwaka huchaguliwa filamu bora za lugha mojamoja, na mimi hilo ndilo linalonifanya nizipende tuzo hizi kuliko nyingine zote za huko. Filamu ya lugha ndogo hutazamwa na majaji walewale wanaotazama zenye mamilioni ya watazamaji.

Filamu lazima iwe imepata cheti cha bodi ya filamu ndani ya mwaka unaoshindaniwa. Majopo ya kanda huzichuja, kisha jopo kuu huamua. Hakuna orodha ya wawaniaji, wala bahasha ya kufunguliwa jukwaani. Washindi hutangazwa mapema, na sherehe ni ya kukabidhiwa tu.

Tuzo za 71, zilizohusu filamu za 2023, zilitangazwa tarehe 1 Agosti 2025 na kukabidhiwa New Delhi tarehe 23 Septemba na Rais Droupadi Murmu. 12th Fail ilikuwa filamu bora, Rani Mukerji mwigizaji bora wa kike. Kwa wanaume walishinda wawili: Vikrant Massey, na Shah Rukh Khan kwa Jawan. Shah Rukh, ambaye filamu yake ya kwanza ilitoka 1992, hakuwa amewahi kupata tuzo hii. Miaka 33! Alishuka jukwaani na medali, na rupia 200,000 za kugawana na mwenzake.

Siku hiyohiyo Mohanlal, nguli wa sinema za Kimalayalam, alipokea tuzo ya Dadasaheb Phalke, ya mchango wa maisha yote. Imepewa jina la mtu aliyetengeneza Raja Harishchandra, filamu ndefu ya kwanza ya India, mwaka 1913, na wa kwanza kuipokea alikuwa mwanamke, Devika Rani.