Hati ya mali ina jina la mume, je, mke hana chake?

Nchini Tanzania bado wapo wanaoamini kwamba mke asiyekuwa na mshahara huondoka mikono mitupu ndoa ikivunjika. Si kweli. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama, inapogawa mali ambayo wanandoa waliichuma pamoja, ipime mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kupika, kulea na kutunza nyumba ni kazi hiyohiyo. Inaniuma kuona mama aliyelea familia miaka ishirini akikata tamaa kwa sababu tu hati haina jina lake.

Hata hivyo, nusu kwa nusu haiji yenyewe. Ushahidi wa mchango ndio huamua. Matunzo, yaani fedha za kujikimu, ni ombi jingine, tofauti na mgawanyo wa mali.