Mfuko wa spana za safari: yanayoaminiwa vijiweni na yalivyo kweli

Mjini pancha haimsumbui mtu, kila kijiwe kina fundi na kompresa yake. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa, inayokatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, ni habari nyingine. Maelezo haya ni ya pikipiki za kawaida za huku, cc 100 hadi 150, zenye spoki na tyubu: Boxer, TVS HLX na jamii yake.

Dhana: Spana zilizokuja na pikipiki zinatosha.
Kwa kufungua plagi, sawa. Lakini chuma chake ni laini na mkono ni mfupi, kwa hiyo nati ya ekseli ya nyuma iliyokazwa na fundi kwa spana ndefu haitacheza. Vifaa vya pancha navyo havimo kabisa.

Kimbilio la wengi ni seti kubwa ya dukani, ambayo nusu yake haitafungua nati yoyote ya pikipiki yao. Njia ya uhakika ni kuutumia mfuko wenyewe nyumbani: toa tairi la nyuma, fungua plagi, rekebisha cheni na breki kwa vilivyomo tu. Spana utakayolazimika kuazima ndiyo iliyokosekana. Mara nyingi utaishia na namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, bisibisi ya nyota na ya bapa, plaizi, soketi ya plagi, na kipande cha bomba cha kurefushia mkono wa spana. Soketi ya plagi ipime kwanza: plagi yenye uzi wa milimita 10 hutaka soketi ya 16, yenye uzi wa milimita 12 hutaka ya 18.

Dhana: Spana malaya (ile ya taya za kurekebisha) inamaliza kazi zote.
Taya zake hulegea kidogo kila unapokaza, kisha zinakula kona za nati. Kwa nati ya ekseli beba spana ya pete, inayoshika kona zote sita.

Dhana: Kamba za kuzibia tyubulesi (tairi zisizo na tyubu) zinaziba pancha yoyote.
Hapa ndipo watu wanapokwama. Kamba ile huziba tundu la tairi. Kwenye tairi la tyubu upepo unakaa ndani ya tyubu, kwa hiyo hujaziba kitu, na kile chuma cha kusukumia kinaweza kuongeza matundu.

Unahitaji vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka, solosheni (gundi ya viraka), msasa, pampu ya mkono na tyubu ya akiba. Pampu ya baiskeli inafaa, mradi mdomo wake ukae kwenye valvu kama ya gari. Itachosha mkono tu. Kama rimu zote ni inchi 17, tyubu moja ya 2.75/3.00-17 inahudumia mbele na nyuma.

Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote. Msumari au mwiba ukibaki, utatoboa tena kabla hujafika mbali. Ukiziba kwa kiraka, kwangua kwa msasa, paka solosheni nyembamba, subiri ikauke isishike kidole, ndipo ubandike na kukandamiza. Wengi hubandika ikiwa mbichi, kiraka kikabanduka. Tyubu itie upepo kidogo isijikunje, na sehemu ya mwisho ya tairi iingizwe upande wa valvu. Ukiharakisha, chuma kitaibana tyubu na utaanza upya. Solosheni iliyokwisha kufunguliwa hukaukia kwenye kichupa, kwa hiyo ibonyeze uone kama bado ni laini kabla ya kuondoka.

Dhana: Cheni ikikatika, ni kukokotwa tu.
Kiungio kimoja na klipu yake vinaenea kwenye kiganja. Soma namba ya cheni: 420 na 428 zina nafasi ileile kati ya pini, milimita 12.7, ila upana ni tofauti na haziingiliani. Upande wa klipu uliofungwa uelekee cheni inakokwenda. Ukigeuza, kikigongwa na kitu klipu hung'oka.

Dhana: Fyuzi ikiungua, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara inatosha.
Injini itawaka, ndiyo. Lakini kama kuna waya unaogusa bodi, kinachoungua safari hii ni nyaya zenyewe. Beba fyuzi mbili za ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani.

Dhana: Spana zikae popote chini ya siti.
Spana iliyo huru jirani na betri ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, cheche zitaruka. Zifunge kwenye kitambaa kizito, kaza kwa vipande vya tyubu kuukuu, na betri ibaki na kifuniko chake cha chanya. Kebo ya klachi ya akiba haihitaji mfuko: ilaze sambamba na ya zamani, uifunge kwa tai za plastiki, na ncha zote mbili uzikinge na maji.