Miguu Imevimba, Siyo Kubemendwa: Maswali na Majibu Kuhusu Utapiamlo wa Watoto

Maswali haya naulizwa kila siku ya kliniki ya watoto huku Iringa. Mengine naulizwa wodini, mtoto akiwa ameshacheleweshwa.

Iringa, Njombe na Mbeya ndiko mahindi, viazi na maharage yanakotoka. Mtoto wa huku atakosaje lishe?

Anakosa, tena kwa wingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ni zaidi ya nusu ya watoto, Njombe na Rukwa karibu nusu.

Chakula kinalimwa, lakini hakibaki nyumbani. Mwenye ekari moja anadaiwa mbolea na ada za shule, basi anauza mahindi na maharage mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini kabisa. Viazi vinaondoka kwa lumbesa: gunia limejazwa mpaka limeota kichwa, analipwa la gunia moja. Ikifika Januari anarudi sokoni kununua debe la mahindi kwa bei ya kuumiza. Asiye na shamba ndiyo kabisa. Mama anatoka alfajiri kwenda kibarua cha kuchuma chai, mtoto anabaki na dada yake mdogo na sufuria ya uji mweupe uliopikwa asubuhi. Tumbo linajaa, mwili haujengeki.

Kudumaa ni nini?

Ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, kuanzia tumboni mwa mama. Akili nayo inaathirika. Na tafadhali, "sisi ukoo wetu ni wafupi" si jibu katika mkoa ambao zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa.

Mtoto amevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu, hataki kula. Nyumbani wanasema amebemendwa. Ni kweli?

Hapana. Huo ni utapiamlo mkali, na unaua. Wapo wanaoamini kwamba baba au mama akitoka nje ya ndoa, au wakikutana mapema wakati mama ananyonyesha, mtoto anaharibika; hiyo ndiyo wanaita kubemendwa. Hakuna tendo la ndoa linalomvimbisha mtoto miguu. Mwili umeishiwa virutubisho, maji yanajikusanya.

Bonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili, siyo chini, kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, mpeleke kituoni leo hii. Usisubiri siku ya kliniki.

Lakini mganga alimpa dawa ya kubemendwa na uvimbe ukapungua.

Narudia: hakubemendwa. Uvimbe unaweza kupungua na kurudi, huku ini na figo za mtoto zikihangaika na mizizi isiyojulikana kipimo. Ninachokiona mara kwa mara ni hiki: mama anaogopa kuitwa malaya, anamficha mtoto ndani chini ya blanketi, wakwe wanamwachisha ziwa kwa nguvu, wiki zinapita. Maziwa ya mama ndiyo chakula bora alichobakiwa nacho, na hicho ndicho wanachomnyang'anya! Siyo kubemendwa. Mnyonyesheni na mleteni.

Hatuna pesa ya nyama wala maziwa. Tumpe nini?

Kuanzia miezi sita, pamoja na kunyonya, mpe uji mzito usiodondoka kwenye kijiko. Ponda ndani yake maharage yaliyoiva na kumenywa maganda, au parachichi, au dagaa waliosagwa. Majani ya maboga na mnafu viko uani kwenu. Kuku akitaga, yai moja liwe la mtoto kabla trei haijaenda sokoni. Inaniuma kuona mayai yanauzwa halafu mtoto ananunuliwa soda na biskuti.

Sisemi umaskini ni uzembe wa mama. Anayelipwa kibarua cha kutwa na kulisha watu sita hana miujiza. Ila akina baba nisikilizeni: mama ndiye anayelima, nanyi ndiyo mnaoshika fedha ya mavuno. Fedha ya pombe ya ulanzi haikosekani jioni, ya dagaa inakosekana. Kaeni pamoja kabla ya kuuza, mtenge magunia ya kula mpaka mavuno yajayo, na maharage yamo humo.

Hospitali ni gharama, si bora tusubiri kidogo?

Msisubiri. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Mhudumu atampima unene wa mkono, sehemu ya juu ya kiwiko, kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni hatari. Asiye na matatizo mengine hupewa chakula dawa, yaani chakula maalumu cha kutibu utapiamlo, akatumia nyumbani. Mgonjwa zaidi hulazwa na kuanzishiwa maziwa maalumu kidogo kidogo. Msimshindilie ugali na nyama nyumbani ili "arudishe nguvu", mwili wake hauwezi.

Njiani tufanye nini?

Mtoto wa namna hii hupoa haraka, na baridi ya Mufindi au Makete mnaijua. Mfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwa kifunikwe, aendelee kunyonya. Mkifika, mtuambie alikula saa ngapi mara ya mwisho na dawa zote alizopewa, hata za mganga. Hakuna atakayewagombeza; tunataka kujua tuanzie wapi.