Chanjo ya kubandika ina sindano, tena nyingi

Kila habari ya chanjo ya kubandika inapotoka, kichwa chake ni kilekile: "chanjo isiyo na sindano". Chini yake huwekwa picha ya kibandiko ambacho, ukikitazama kwa hadubini, kina sindano zipatazo mia moja. Ufafanuzi kidogo unahitajika.

Sindano mikro ni ncha yenye urefu wa chini ya milimita moja, au inayozidi hapo kidogo, iliyoundwa kutoboa tabaka la juu la ngozi ili dawa ipate njia. Hupangwa kwa makumi au mamia kwenye kipande kimoja cha kubandika. Maana yake ni hiyo tu.

Tatizo ni kwamba watu wanazitia kapu moja na vibandiko vya kawaida vya dawa, kama vile vya nikotini au vya skopolamini ya kuzuia kichefuchefu cha safari (hivi vya mwisho Marekani iliviidhinisha mwaka 1979). Vibandiko hivyo havitoboi chochote. Dawa yake hujipenyeza yenyewe, taratibu, kwa saa au siku kadhaa. Na si kila dawa inaweza kufanya hivyo. Tabaka la nje kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, zimeshikamanishwa kwa mafuta, na sehemu nyingi za mwili unene wake ni mikromita 10 hadi 20 tu (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Lakini ukuta huo mwembamba hauchezewi: molekuli zinazopita vizuri ni ndogo, kwa kawaida chini ya dalton 500 (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), na ziwe zinapatana na mafuta. Insulini ina dalton 5,800 hivi. Ipake kwenye kibandiko cha kawaida, kibandike wiki nzima, na sukari ya mgonjwa haitashuka. Kwa hiyo anayesema "ni kama kile cha nikotini" anafuta sababu yenyewe iliyofanya sindano mikro zibuniwe.

Wazo si geni. Hataza (haki ya uvumbuzi) ya wavumbuzi Gerstel na Place ilitolewa Marekani mwaka 1976, lakini wakati huo kutengeneza ncha ndogo kiasi hicho kwa usahihi kulikuwa kugumu. Mwaka 1998 mtafiti Mark Prausnitz na wenzake wa chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, walionyesha kwamba ncha za silikoni, zilizochongwa kwa mbinu za viwanda vya vifaa vya elektroniki, zinaongeza sana upitaji wa dawa kwenye ngozi. Leo kuna zinazotoboa tu kisha dawa ikapakwa juu, zilizopakwa dawa, zinazovimba kama jeli, na zinazoyeyuka ndani ya ngozi na kuacha dawa humo. Zipo pia zenye tundu katikati, na ni hizo tu zinazofanana kweli na sindano ya bomba.

Kwenye kuzipima ndiko utaona kwamba kutoboa ndiyo kazi yenyewe. Mhandisi hupima nguvu mbili: inayohitajika ncha iingie, na inayoivunja. Ya pili lazima iizidi ya kwanza kwa mbali. Ncha zinazoyeyuka, zilizomiminwa kwenye kalibu kwa sukari au polima, zina mtihani wa ziada: zikivuta unyevu hulainika na kupinda badala ya kuingia. Halafu ngozi yenyewe hubonyea kabla ya kutoboka, kwa hiyo ncha ya mikromita 600 haiingii mikromita 600. Njia moja rahisi ya kuliona hilo ni kupanga karatasi kadhaa za Parafilm (utando laini wa maabara unaofanana na nta), kila moja na unene wa mikromita 127 hivi, kubonyeza kibandiko juu yake, kisha kuzibandua moja moja na kuhesabu matundu. Ya kwanza inakuwa na matundu yote, ya pili labda machache, ya nne hakuna. Baadaye huja ngozi ya nguruwe na rangi ya buluu ya methilini, inayoshika pale tu palipotobolewa. Na kibandiko kikishatolewa hakitupwi hivihivi: dawa iliyobaki juu yake hupimwa, kwa sababu kilichobaki hapo hakikumfikia mgonjwa.

Mafanikio yapo, na ni makubwa. Nchini Gambia, matokeo ya jaribio la chanjo ya surua na rubela kwa njia hii yalichapishwa mwaka 2024, na zaidi ya asilimia 90 ya watoto wachanga waliobandikwa walijenga kingamwili za surua. Kazi hiyo inastahili kuelezwa kwa usahihi.

"Bila maumivu" nako kupunguzwe makali. Ncha fupi hazifiki kina cha sindano ya kawaida, ndiyo maana wengi husikia mkwaruzo au mguso tu. Ncha zikirefuka, maumivu huongezeka.

Kwa hiyo unapoandika, andika "chanjo isiyo na bomba la sindano", au "kibandiko chenye sindano ndogo sana". Mzazi anayesoma ajue kwamba ngozi ya mwanawe itatobolewa, kwamba usafi wa kibandiko una uzito uleule wa usafi wa sindano, na kwamba kilichotumika kwa mmoja hakibandikwi kwa mwingine.