Je, Wajua Kwa Nini Wanaoishi Ndani ya Magari Kwenye Theluji Hulala na Tundu la Paa Wazi?

Anayepita Timboroa alfajiri, kabla jua halijapanda, huyaona malori yaliyoegeshwa kando ya barabara vioo vyake vikiwa vyeupe kana kwamba vimepakwa maziwa. Mgeni hudhani kuwa ni ukungu wa nje. Dereva hadanganyiki, kwa maana wakati huo huwa ameshika tambara anapangusa kioo kwa ndani, na tambara lenyewe hulikamua kama mtu aliye kwenye beseni la nguo. Mjomba wangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisafirisha mizigo kati ya Mombasa na Malaba, husema kwamba akilala Timboroa huamshwa mara mbili: kwanza na baridi, halafu na tone la maji linalomdondokea usoni kutoka kwenye paa la kebini.

Nililikumbuka tone hilo mwaka ambao mdogo wangu, aliyehamia Alberta nchini Kanada, aliamua kuishi majira ya baridi ndani ya nyumba ya magurudumu, yaani lile gari lenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji, ili aepuke kodi ya nyumba. Sisi tuliolelewa Nakuru huiita Molo nchi ya baridi. Huko aliko, nyuzi 20 chini ya sufuri si habari ya kumshangaza mtu. Alifanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: alinunua hita, akaziba kila ufa kwa utepe na sponji, akafunika madirisha, akalala. Baada ya wiki mbili alinipigia simu akiwa amekata tamaa. Joto alikuwa nalo, lakini kuta zilikuwa zinatiririka maji, nguo kabatini zilikuwa na harufu ya kuvu, na alipoinua godoro alikuta upande wa chini umeloa chepechepe. Jirani yake wa uwanja wa kuegesha, mzee aliyekwisha kuishi hivyo kwa miaka, alikuja akatazama, akaifungua nafasi ya vidole viwili katika tundu la hewa la paani, kisha akaenda zake. Mdogo wangu alidhani anafanyiwa mzaha. Inakuwaje mtu afungue paa wakati theluji inaanguka?

Jawabu linaanzia kwenye chupa ya soda. Agiza soda baridi Kisumu saa sita za mchana, uiweke mezani, na kabla hujaimaliza utaona chupa imetoa jasho na kuacha duara la maji juu ya meza. Hakuna aliyewahi kudai kwamba chupa inavuja. Maji hayo yalikuwa hewani tangu awali katika hali ya mvuke, na hewa iliyogusa kioo baridi ilipoa kiasi cha kushindwa kuendelea kuyabeba. Uwezo wa hewa wa kubeba mvuke hupungua upesi sana kadiri inavyopoa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za mvuke. Kwenye sufuri haiwezi kuzidisha gramu 5. Na kwenye nyuzi 10 chini ya sufuri hubakiwa na nafasi ya gramu 2 na kidogo. Kwa hiyo, ndani ya chumba chenye nyuzi 20 ambacho hewa yake imebeba nusu tu ya mvuke inaoweza kubeba, kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 9 hivi kitaanza kutoa jasho. Ndani ya gari lililozungukwa na theluji, vitu vya namna hiyo ni vingi: kioo, fremu ya mlango, pembe ya kabati, ubao ulio chini ya godoro.

Na mvuke wenyewe unatoka wapi? Sehemu kubwa hutoka kwa mwenye gari. Mtu mzima aliyetulia hupoteza takriban mililita 800 za maji kwa siku kwa kupumua na kupitia ngozi, hata bila kutokwa na jasho analoliona. Watu wawili wakilala kwa muda wa saa nane, humwaga hewani zaidi ya nusu lita, yaani chupa nzima ya soda, pasipo kujitikisa. Ongeza sufuria ya ugali inayochemka, birika la chai, taulo lililoanikwa nyuma ya mlango, na viatu vilivyoingia na theluji. Tena kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakitambui: moto wa gesi. Gesi ya kupikia inapoungua, haidrojeni iliyomo huungana na oksijeni na kuwa maji, kiasi kwamba kilo moja ya propani, mojawapo ya gesi zinazojazwa mitungini, huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Mtu anayeacha jiko la gesi likiwaka ili apate joto huwa anainyweshea nyumba yake maji, na bado hatujafika kwenye hatari kubwa zaidi ya jambo hilo.

Sasa tulirudie lile tundu la paani. Hewa ya nje, hata ikiwa imejaa mvuke hadi pomoni kwenye nyuzi 10 chini ya sufuri, ina gramu 2 tu katika kila mita ya ujazo. Iingize ndani, ipashe joto mpaka nyuzi 20, nayo itakuwa kavu kuliko hewa ya Lodwar, kwa kuwa imebeba kama sehemu moja ya nane tu ya mvuke inaoweza kuubeba. Hewa hiyo hunyonya unyevu wa kuta, wa blanketi na wa pumzi, kisha, kwa kuwa hewa ya moto hupanda, hutokea juu na mzigo wake. Watu wa Kisumu watalishangaa jambo hili, maana kwao kufungua dirisha usiku wa mvua ni kuukaribisha unyevu wa ziwa. Kwenye baridi kali mambo hugeuka: mahali pakavu ni nje, na bwawa liko ndani.

Nilijaribu kupiga hesabu ya gharama yake, kwa sababu hapo ndipo ubahili wa mtu anayenunua gesi kwa pesa zake huingia. Tuseme kila mita ya ujazo ya hewa inayotoka huchukua gramu 8 zaidi ya ilizoingia nazo. Ili kuitoa ile nusu lita na ushee ya usiku, zinahitajika kama mita 66 za ujazo. Gari lenye urefu wa mita 6, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2 lina mita 24 za ujazo. Hivyo hewa yake yote inatakiwa kubadilika karibu mara tatu kati ya kulala na kuamka, ambalo ni jambo dogo. Kuipasha hewa hiyo kutoka nyuzi 10 chini ya sufuri hadi nyuzi 20 hutumia gesi isiyofika gramu 100. Mtungi wa kilo 6, ule tunaoubeba kwenye bodaboda, ungetosha kulipia hasara hiyo pekee kwa zaidi ya usiku sitini. Kwa bei hiyo mtu hupata ukuta mkavu, na ukuta mkavu nao hupitisha joto kidogo kuliko uliolowa, kwa sababu sponji iliyonyonya maji haizuii tena baridi.

Hii haimaanishi kwamba kuziba nyufa ni upuuzi. Tofauti iko kati ya tundu ulilolichagua na upepo unaojiingilia. Ufa wa mlangoni hupuliza miguu ya aliyelala na huupeleka mvuke hadi ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna tambara litakalofika. Tundu la paani likishirikiana na upenyo mdogo wa chini huifanya hewa ipite njia moja inayojulikana. Wazoefu huizungushia sehemu ya chini ya gari turubai au mbao ili upepo usipite chini ya sakafu, na wengine huirundikia theluji yenyewe, ambayo kwa kuwa imejaa hewa iliyotulia hukinga baridi vizuri ajabu.

Kuhusu kuta, adui ni chuma. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao, kwa hiyo ukuta uliotengenezwa kwa sponji nzuri huweza kusalitiwa na skrubu zilizoupenya. Mdogo wangu alinitumia picha ya dari yake asubuhi moja: dari nyeupe, na juu yake mistari ya vidoti vya sakitu vilivyopangika kama vifungo vya shati. Kila kidoti kilikuwa kichwa cha skrubu. Alivibandika vipande vya kizibo, vikaacha kuganda. Madirisha nayo yana mtego wake. Pazia zito huzuia joto lisifike kwenye kioo, kioo kikazidi kupoa, na mvuke unaopenya pembeni mwa pazia ukageuka barafu nyuma yake. Ndiyo maana magari mengi yaliyojengwa Ulaya kwa ajili ya baridi hutumia madirisha ya plastiki yenye tabaka mbili na hewa katikati. Huko Ulaya kuna kanuni iitwayo EN 1646 inayoyapanga magari haya kwa madaraja, na gari la daraja la tatu, lililo la juu kabisa, sharti liweze kutoka nyuzi 15 chini ya sufuri hadi nyuzi 20 za joto ndani ya saa nne. Mtu anayenunua gari lililotumika angefanya vyema kuuliza daraja hilo kabla ya kuuliza rangi ya viti.

Godoro linahitaji maneno machache ya peke yake. Jasho la mwili hushuka ndani ya godoro usiku kucha na kukutana na ubao baridi chini yake, ambako hugeuka maji yasiyo na pa kwenda. Dawa yake ni chaga, zile mbao zilizoachiana nafasi ambazo kitanda cha nyumbani huwa nazo, ili hewa ipite chini. Milango ya kabati nayo huachwa wazi kidogo usiku, na nguo hazibanwi ukutani.

Hita inayofaa ni ile ambayo moto wake umefungiwa chumba chake, ikivuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje, huku joto pekee likiingia ndani. Hita za dizeli za Webasto na Eberspächer, ambazo hufungwa hata kwenye malori ya nchi za baridi, hufanya kazi kwa njia hiyo, na joto lake huwa kavu kwa kuwa maji ya moto wake hutoka pamoja na moshi. Hapa ndipo ninapomgeukia mjomba na wenzake. Katika nyanda zetu za juu, watu hufa kwa kuingiza jiko la makaa chumbani usiku wa baridi. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili. Kufungua dirisha nafasi ya vidole viwili hakulifanyi jiko hilo kuwa salama, si kebini wala nyumbani. Kwenye nyumba ya magurudumu, king'ora cha gesi hiyo huhesabiwa kuwa kifaa cha lazima kama breki.

Yanayobaki ni ya fundi zaidi kuliko ya mlalaji. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba la plastiki halina subira hiyo. Ndiyo sababu tangi la maji safi huwekwa ndani penye joto, na mpira wa kujazia hufunguliwa na kumwagwa maji mara tangi linapojaa. Butani, gesi nyingine ya mitungini, hukataa kugeuka mvuke ikikaribia sufuri, hivyo mtungi wenye butani nyingi, unaowaka bila shida Nakuru, hunyamaza kwenye theluji, ilhali propani huendelea kutoa gesi hadi nyuzi 42 chini ya sufuri. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya sufuri, maana huharibika kwa ndani, kwa hiyo nazo hulala ndani pamoja na wenyewe.

Nilipomweleza mjomba habari za tundu la paani alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayemstahi mpwa wake aliyesoma, kisha akaniambia kwamba Timboroa, iliyo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, haina theluji lakini ina wezi, na dirisha lililo wazi ni mkono wa mtu. Tukakubaliana juu ya kile kidirisha cha paani, ambacho mkono haufiki. Safari iliyofuata alinipigia simu kutoka huko saa kumi na moja alfajiri. Kioo kilikuwa na ukungu mwembamba pembeni tu, na utingo wake alikuwa bado amelala.

Mdogo wangu naye sasa ana kazi moja kila asubuhi. Mvuke unaotoka usiku huganda kwenye ukingo wa tundu la paani na kufanya pete ya barafu yenye unene wa kidole. Huipasua kwa mwiko na kuipokea kwenye bakuli.