Pop ya saikedeliki ni nini?

Pop ya saikedeliki ni wimbo wa kawaida wa redio, wenye beti, kiitikio na dakika tatu hivi, ambao sauti zake zimepindwa hadi msikilizaji ahisi muda unavutika kama ndotoni. Jina linahusishwa na LSD, dawa ya kulevya inayoleta maruweruwe, lakini wimbo wa aina hii hautambuliwi kwa alichomeza mwimbaji. Hutambuliwa kwa kazi iliyofanywa studio.

Mfano mzuri ni "Tomorrow Never Knows" wa The Beatles, uliorekodiwa London Aprili 1966. Vipande vya tepu vilivyoungwa ncha kwa ncha vilizungushwa kwenye mashine kadhaa kwa pamoja, mafundi wakivishikilia kwa penseli visilegee. Sauti ya John Lennon ikapitishwa kwenye spika inayozunguka, ile ya kinanda cha Hammond. Lakini sikiliza ngoma na besi: zinarudia mdundo uleule mwanzo hadi mwisho. Sikio lina pa kushika, ndiyo maana vurugu ya juu yake haichoshi.

Gitaa la kurudi kinyumenyume linadai umakini zaidi. Unageuza tepu, unapiga gitaa huku wimbo ukitoka mwisho kwenda mwanzo, kisha unaigeuza tena. Kila noti sasa inavimba polepole na kukatika ghafla. Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, huja kwa mpangilio wa kinyume, kwa hiyo mpigaji asiyeziandika mapema atapotea. Hatari kubwa ni hii: kwenye tepu ya njia nne, yaani inayobeba rekodi nne sambamba, ukiigeuza, njia ya 1 inakuwa ya 4. Fundi asiyekumbuka hilo hurekodi juu ya sauti ya mwimbaji na kuifuta.

Kasi nayo ina masharti yake. Tepu ikiharakishwa kwa karibu asilimia 6, sauti hupanda nusu toni na mwendo huongezeka vilevile. Huwezi kupata kimoja bila kingine. "Strawberry Fields Forever" (1967) umeunganishwa kutoka marekodi mawili tofauti. La pili lilikuwa na kasi zaidi na pia liko juu zaidi kisauti, hivyo kulipunguza mwendo kulirekebisha yote mawili. Lingekuwa na kasi zaidi lakini sauti ya chini zaidi, mbinu hiyo isingefaa kabisa.

Marekani, kundi la The Temptations wa kampuni ya rekodi ya Motown waliingia njia hii mwaka 1968 kwa "Cloud Nine", wakiacha muziki laini wa soul na kushika gitaa la wah-wah, lenye sauti kama ya mtu anayesema "wa-wa", huku waimbaji wakipokezana mistari.

Wanaoanza leo kwenye kompyuta hukosea zaidi kwenye ucheleweshaji wa sauti. Nakala ya sauti ikichelewa milisekunde 30 hadi 40, unasikia kama waimbaji wawili. Ikishuka chini ya 15 na kuyumbayumba, unapata mvumo kama wa ndege inayopita. Ikipita 50 sana, ni mwangwi, na maneno huanza kukanyagana. Kwa hiyo chelewesha sauti moja tu kwanza, kisha ipunguze hadi maneno yasikike wazi, ndipo uguse nyingine.